Pua ya Upanga Mfupi

Wiki iliyopita jirani yangu aliukata mwarobaini uliokuwa umeinamia paa la nyumba yake. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua choroko. Fundi alipouwasha msumeno wa injini, moshi ukavuka ua ukanifikia, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Kelele sikujali. Iliyonishika ni harufu, mafuta yanayoungua kidogo yakichanganyika na unga wa mti mbichi. Niliacha choroko pale pale, nikaingia ndani, nikafunga dirisha na kukaa kitandani mpaka walipomaliza. Mjukuu wangu akaja kuniuliza kama naumwa, nikamwambia kichwa kinanisumbua. Ninyi wa rika langu ndio nitakaowaeleza ukweli. Mlikuwa watoto enzi zile, na mnajua kwamba mtoto hakuuliza jambo la watu wazima. Alisikiliza tu, akajijibu mwenyewe.

Sisi tulitoka Iramba. Baba yangu alikuwa mpasua mbao tangu ujana wake. Alianzia Sekenke, akichonga magogo ya kushikilia mapango ya mgodi wa dhahabu ili udongo usiwaangukie watu. Kazi ya kule ilipopungua, akasikia kwamba upande wa Itigi kuna Mzungu anakata mninga, na mbao zinapakiwa kwenye treni. Tukahama na kitanda chetu kimoja na sufuria zetu. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na baba mdogo Kitundu.

Kitundu hakuwa ndugu wa baba wa tumbo moja. Walikuwa wa ukoo mmoja, na kwa miaka mingi walipasua mbao pamoja kwenye shimo, baba akisimama juu ya gogo, Kitundu akiwa chini shimoni, na msumeno mrefu ukipanda na kushuka kati yao. Anayekaa chini hula unga wa mbao mchana kutwa. Jioni Kitundu alikuwa akija nyumbani nyusi na nywele zikiwa na rangi ya kahawia, anachuchumaa mbele yangu na kusema, "Raheli, nipanguse, nimeota kutu." Nami nilimpangusa kwa kitambaa chake, kipande cha kaniki alichokifunga shingoni. Alikuwa bado hajaoa. Alikuwa na mbwa mmoja mwekundu aliyemfuata kila mahali, na mama yake mzazi, aliyebaki Iramba.

Kambi yetu ilikuwa vibanda vya miti na nyasi, mwendo wa nusu siku kutoka stesheni, mahali ambapo vichaka vya Itigi vinaisha na miti mirefu inaanza. Vichaka vile vilikuwa vimeshikamana kiasi kwamba mbuzi akiingia humwoni tena. Siku moja mbuzi wetu alipotea humo. Kitundu akachukua kamba aliyokuwa amefungiwa, akamnusisha yule mbwa, akamwambia, "Haya, mtafute mwenyewe." Mbwa akaingia vichakani, na kabla jua halijafika katikati akatokea upande wa pili, akimfukuza mbuzi mbele yake. Nilikuwa na miaka saba au nane. Jambo lile lilinikaa kichwani: kwamba ukimpa mbwa harufu ya mwenyewe, atakwenda kwa mwenyewe.

Na jambo jingine lililonikaa ni mninga. Mti ule ukiukata hutoa utomvu mwekundu, unaotiririka juu ya gome kama damu kabisa. Siku ya kwanza kuuona nililia. Baba alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye kisiki, akanipaka kidogo kidoleni. "Huu ni utomvu tu," akasema. "Mti hauna damu. Usiogope ukiona nguo zangu." Tangu siku ile sikuogopa.

Kisha ukaja msumeno wa injini. Ulifika kwa treni ndani ya sanduku la mbao, ukaletwa kambini kwa lori, na watu wote waliacha kazi kwenda kuutazama. Ilikuwa injini kubwa yenye mikono miwili ya kushikia, na mbele yake kulikuwa na chuma kirefu bapa, kirefu kuliko mimi, ambacho mnyororo wenye meno ulikizunguka. Chuma kile baba na wenzake walikiita upanga. Kwenye ncha ya upanga, wanayoiita pua, palikuwa na mshikio mwingine, kwa sababu ulikuwa msumeno wa watu wawili. Mmoja alishika upande wa injini, mwenzake alishika puani. Ndani ya sanduku mlikuwa na upanga mwingine pia, mfupi kama urefu wa mkono wa baba, usio na mshikio puani. Bwana wa kambi, yule Mzungu, aliutazama huo mfupi, akaurudisha kwenye sanduku.

Baba akashika injini, Kitundu akashika pua. Siku ya kwanza kila mtu alipiga makofi. Siku ya tatu hakuna aliyepiga. Mninga mbichi ulikatika vizuri, lakini walipofika kwenye miti iliyokauka ikiwa imesimama, au kwenye mkola, mti mgumu kama mfupa, injini ilianza kukohoa. Mnyororo ulipunguza mwendo mpaka ungeweza kuyahesabu meno, kisha ukasimama ndani ya mti, na wanaume wakatumia nusu ya asubuhi kupiga kabari ili kuutoa. Bwana alikuja akiwa amekasirika. Nilikuwa pale na mama, tumepeleka uji.

"Wewe iko vivu," akamwambia baba. "Mashini hii nguvu sana. Sukuma."

Baba alivua kofia yake. Alikuwa mtu mpole, lakini katika kazi yake hakumwogopa mtu. "Nikisukuma, inanyongeka, Bwana. Nguvu ya injini inatosha. Tatizo ni huu upanga."

"Panga mrefu nakata mti kubwa."

"Ndiyo, lakini mnyororo wake nao ni mrefu. Una uzito, na unajisugua njia nzima kwenda na kurudi. Nguvu inaishia njiani kabla jino halijauma. Na jino si moja. Upanga huu ukizama wote ndani ya mti, meno mengi yanauma kwa pamoja, na injini ni ile ile moja." Akaonyesha baiskeli ya karani iliyoegemezwa kwenye mti. "Mtu akiendesha ile peke yake, anapanda mlima. Akipakia mmoja mbele na mwingine nyuma, miguu yake ni ile ile, lakini gurudumu litagoma. Nipe ule mfupi. Gogo kubwa nitalikata upande huu, kisha nitazunguka upande wa pili."

Bwana akaagiza sanduku lifunguliwe. Baba alifunga upanga mfupi kwa mikono yake, akavuta kamba, akauweka kwenye gogo lile lile lililoushinda mrefu. Injini haikukohoa. Unga ulirushwa kama maji, na kipande kikaanguka kabla uji wangu haujapoa. Bwana alicheka, akampiga baba begani. Sijapata kumwona baba akitembea kama alivyotembea siku ile kurudi nyumbani.

Jioni zile baba alikuwa akiuleta upanga kibandani kuusafisha. Pembezoni mwake kuna mfereji mwembamba ambamo mnyororo hupita, na mfereji ule ukijaa unga na mafuta, mnyororo unalala upande na mbao inakatika kombo. Baba aliuchokoa kwa waya, mimi nilifuata kwa unyoya wa kuku. Kila baada ya siku chache aliugeuza, upande wa chini ukawa juu, ili usilike upande mmoja. Alinieleza yote haya kana kwamba mimi ni fundi mwenzake, na nilifurahi sana.

Ni katika jioni mojawapo nilipomsikia akimwambia Kitundu, "Angalia hapa puani, sehemu hii ya juu. Hii usiiguse kwenye kitu. Ule mrefu ulikuwa na wewe wa kuushika pua. Huu hauna mtu. Pua yake ikigusa, inamrudia mwenyewe."

"Inamrudia nani?" Kitundu akauliza akicheka.

"Mwenyewe aliyeushika. Jana nusura unipate usoni."

Walihamia kwenye maneno mengine. Mimi nilibaki na unyoya mkononi. Pua. Inamrudia mwenyewe. Sikulala vizuri tangu siku ile. Niliutazama upanga ukiwa umelazwa kwenye gunia, ncha yake ya mviringo imeelekea kitanda cha baba, na nikajua kwamba ulikuwa ukinusa. Ulikuwa umeshikwa na baba kila siku. Ulikuwa unamjua yeye tu. Na jana ulikuwa umeanza kumtafuta.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Nilifikiri peke yangu kwa siku kadhaa, nikasaga ulezi nikifikiri, nikateka maji nikifikiri, na jibu nikalipata kwa yule mbwa na ile kamba ya mbuzi. Kama upanga unakwenda kwa mwenye harufu, basi upewe harufu nyingine.

Nilimchagua Kitundu. Sitaficha jambo hili, kwa maana ndilo nililolibeba. Nilimpenda kuliko watu wote wa kambi, baada ya baba na mama. Lakini nilihesabu kama mtoto anavyohesabu. Baba alikuwa na mimi. Kitundu hakuwa na mtoto. Nikaona kwamba kwake hakuna atakayelia.

Adhuhuri moja, baada ya kupeleka ugali, wanaume walijilaza kivulini wakafunika nyuso kwa kofia. Msumeno ulikuwa juu ya gogo, umepoa. Kaniki ya Kitundu ilikuwa imetundikwa kwenye tawi kwa sababu ya joto. Niliichukua. Ilikuwa na jasho lake na unga wa mbao. Nikaifuta pua ya upanga polepole, mara moja, mara mbili, mpaka kitambaa kikawa cheusi kwa mafuta, nikasema kwa sauti ndogo, "Kitundu." Kisha nikairudisha pale ilipokuwa. Mbwa wake alikuwa amelala karibu. Aliinua kichwa akanitazama, akakilaza tena.

Siku mbili hakikutokea kitu. Nilianza kusahau. Usiku nililala.

Siku ya tatu baba aliamka vidole vimekufa ganzi. Mashine ile ilikuwa ikitetemeka sana, na asubuhi nyingine vidole vyake viligeuka vyeupe, hakuweza hata kushika kikombe. Nilimsikia akiwa mlangoni akimwambia Kitundu, "Leo shika wewe mpaka mikono yangu ipate joto. Unaujua." Kitundu akasema anaujua. Alinipungia mkono wakiondoka.

Mama alinituma peke yangu na chungu cha uji, kwa kuwa yeye alikuwa na mtama wa kutwanga. Njiani niligundua kwamba msitu uko kimya. Saa ile injini ilipaswa kusikika tangu mbali. Nilidhani wamepumzika. Nilipofika penye uwazi niliona mninga mmoja mkubwa umelala chini na matawi yake yote, na wanaume wamesimama wamenipa mgongo. Baba aligeuka. Shati lake lilikuwa jekundu kuanzia kifuani hadi mapajani, na mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

Nilidhani ni utomvu. Alikuwa ameniambia nisiogope nikiona nguo zake, kwa hiyo sikuogopa. Nilimsogelea nikamwambia, "Shikamoo baba, uji huu hapa." Alinitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Ndipo nikaona miguu ya Kitundu kati ya matawi, na mbwa amelala juu ya miguu ile, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Baadaye, kwa vipande vipande, nilisikia watu wazima wakisimulia. Kitundu alikuwa akikata matawi ya ule mninga ulioanguka. Alikuwa akikata tawi moja, na nyuma yake, ndani ya majani, kulikuwa na tawi jingine ambalo hakuliona. Pua ya upanga ikaligusa. Msumeno uliruka juu ukamrudia, ukampata kati ya shingo na bega. Lori lilikuwa limekwenda stesheni. Baba alimkumbatia akilikandamiza jeraha kwa mikono mpaka mwisho, na haikuchukua muda mrefu.

Mama yake Kitundu aliletwa kutoka Iramba kwa lori la mbao. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, aliyenyamaza. Nilikuwa nimejidanganya kwamba hakuna atakayelia, na kweli hakulia mbele yetu. Aliketi kwenye mkeka wetu siku tatu bila kula. Siku ya kuondoka aliomba vitu vya mwanawe. Baba akampa kisu, blanketi na ile kaniki. Aliinusa, akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu.

"Mbona nguo ya mwanangu inanuka mashine?" akauliza.

"Ni kazi yetu, mama," baba akasema. "Kila kitu chetu kinanuka mashine."

Nilitoka nje nikajilaza nyuma ya kibanda. Mama akadhani ni homa.

Bwana aliagiza upanga mrefu urudishwe, na ule mfupi ukatundikwa kwenye ukuta wa stoo. Mbwa wa Kitundu alikataa kuondoka na lori. Kila siku nilimkuta amekaa chini ya ukuta ule, ameinua pua yake kuelekea upanga, ananusa. Watu walisema anamtafuta bwana wake. Mimi nilijua alichokuwa akinusa. Niliacha kupita njia ile, na mpaka tulipohama nilikuwa nazunguka kambi nzima kwenda kisimani.

Tulirudi Iramba kabla ya mvua. Baba hakushika msumeno tena, hata wa mkono. Alilima uwele na mtama kama watu wengine, na kuni za nyumbani akazikata mama. Majirani walimcheka, mwanamume anayekaa wakati mkewe anapasua kuni, na yeye akawaacha wacheke. Jina la Kitundu halikutajwa nyumbani kwetu. Nami nilimwona usingizini mara nyingi, amechuchumaa mbele yangu, nyusi zina unga, ananiomba nimpanguse. Nilikuwa nimeshika kaniki na siwezi kuinua mkono.

Nilikua nikiwa hivyo. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Nilipokuwa nikifundisha Singida, shule ilimwita fundi kukata miti ya uwanjani, na mlinzi wa shule akamwuliza kwa nini anakaa pembeni ya msumeno wake badala ya nyuma yake. Nilikuwa karibu. Fundi akauzima, akatuonyesha. "Mnyororo huku juu unakwenda mbele," akasema, "ukifika puani unashuka. Meno yakikuta kitu hapa kwenye kona ya juu, yanashindwa kukata, lakini injini haijui, inaendelea kuvuta. Basi ile nguvu inausukuma upanga wenyewe, juu na nyuma. Na ukiwa na upanga mfupi, mwepesi, wenye pua pana, unaruka haraka zaidi. Haumchagui mtu. Aliyeushika ndiye huyo huyo."

Watoto walikuwa wakinisubiri darasani. Niliwapa hesabu za kufanya, nikakaa nyuma ya meza. Nilikuwa mtu mzima, nilikuwa najua kwamba chuma hakinusi. Lakini kujua ni jambo moja, na kuelezwa na mtu aliyeshika chuma chenyewe mkononi ni jambo jingine.

Likizo ilipofika nilikwenda Iramba. Baba alikuwa amezeeka, macho yake yameingia ukungu. Nilimkuta asubuhi nje ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwa kidole gumba. Nikamwamkia, nikaketi chini karibu yake, nikachukua hindi na mimi nikapukuchua. Kisha nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu mbwa na kamba ya mbuzi, kuhusu pua, kuhusu kaniki na jina nililolitamka. Nilimwambia pia kwa nini nilimchagua Kitundu. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kutoka.

Baba hakunikatiza. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, naye akaendelea kulisugua.

"Ulikuwa mtoto," akasema mwishowe.

"Ndiyo baba."

"Mimi sikuwa mtoto." Akaliweka gunzi chini. "Ule mrefu ulikuwa na mtu wa kuushika pua. Ulikuwa mzito, mvivu, haukuweza kuruka popote. Mimi ndiye niliyeomba mfupi. Bwana hakuutaka. Nilivua kofia nikaomba, kwa sababu nilitaka aone kwamba najua kazi kuliko yeye. Na nilikuwa nimeona ile pua inavyofanya. Ilikuwa imekwisha kunijaribu mimi. Siku ile nikampa Kitundu, nikasema, unaujua." Akakisugua kile kidole gumba. "Hakuujua. Nilimwonyesha mara moja tu, na alikuwa anacheka."

Miaka yote ile nilidhani anakaa kimya kwa sababu amegundua nilichofanya. Nilimwogopa baba yangu mwenyewe, nikimletea maji, nikimwekea chakula, nikisubiri siku atakayoniuliza. Naye miaka ile ile alikuwa ameketi ng'ambo ya moto wetu, amebeba lake.

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningemwambia nani? Mama yako aliniona narudi na lile shati, sikutaka kumwongezea." Alipapasa chini akitafuta hindi jingine, nikamwekea mkononi. Hakulipukuchua. "Anakujia?"

"Usingizini? Ndiyo, anakuja."

"Anakuja ameumia?"

"Hapana. Mzima. Ana unga tu usoni."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata habari za ndugu yake wa mbali. "Kwangu pia huwa mzima," akasema. "Yuko kule chini shimoni, anaushika msumeno upande wake. Mimi niko juu. Ananiita nivute, na mimi sivuti."

Tulikaa pale, jua likapanda, kuku wakaja kuokota punje miguuni mwetu bila mmoja wetu kuwafukuza, mpaka mama alipotoka jikoni na kutuuliza mara ya pili kama hatumsikii anavyotuita kula.